Unaishi New Jersey, Unafanya Kazi New York: Ritani ni Mbili

Kila Aprili inapokaribia, dawati letu la ushauri hupokea lalamiko lile lile kutoka kwa Waafrika Mashariki wa Jersey City na miji jirani: New Jersey inadai ritani ya kodi ya mapato, ilhali mlalamikaji amekatwa kodi ya New York katika kila mshahara. Wengi ni watu waaminifu, waliodhani kwamba makato hayo yamemaliza wajibu wao.

Hayajaumaliza. Jimbo unaloishi hutoza kodi mapato yako yote, popote yalipopatikana, na jimbo unakofanya kazi hutoza yale tu yaliyotokana na kazi hiyo. Ukazi huo wa kikodi, tumekwisha kueleza mara nyingi, hauhusiani hata kidogo na kadi ya kijani, ambayo ni kibali cha uhamiaji. Kwa kawaida, mkazi wa New Jersey ni mtu mwenye makao yake ya kudumu huko, au mwenye nyumba ya kudumu huko aliyekaa jimboni zaidi ya siku 183 katika mwaka. Kuandikisha anwani ya ndugu aliyeko Texas, ambako mshahara hautozwi kodi ya jimbo, hakukuhamishi wewe ikiwa mkeo, watoto na kitanda chako viko Jersey City.

Utaratibu ni huu. Anza na fomu IT-203 ya New York, kama asiye mkazi. Kisha jaza NJ-1040, ritani ya mkazi wa New Jersey, pamoja na jedwali NJ-COJ, ambalo ndilo linalokupa nafuu kwa kodi uliyolipa jimbo lingine, na uhifadhi nakala ya ritani ya New York kwa kuwa unaweza kutakiwa kuionyesha. Nafuu hiyo haizidi kodi ambayo New Jersey ingetoza kwa mapato hayo hayo: ikiwa New York imechukua dola 4,000 na New Jersey ingetoza 2,500, unapunguziwa 2,500, na zile 1,500 hazirudishwi na New Jersey. Nafuu haiji yenyewe. Asiyewasilisha ritani huhesabiwa kana kwamba hakulipa popote.

Anayechelewesha ritani ya New Jersey hutozwa asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, hadi asilimia 25, na anaweza kuongezewa dola 100 kwa kila mwezi. Kuchelewa kulipa kuna asilimia 5 nyingine, mbali na riba. Kwa deni la dola 1,000 lililochelewa miezi minne, adhabu hizo za asilimia pekee ni dola 250.

Wanaoishi New Jersey na kufanya kazi Pennsylvania wana mkataba kati ya majimbo hayo mawili: mwajiri akipewa fomu REV-419, hakati kodi ya mshahara ya Pennsylvania.

Pango unalopokea kwa nyumba unayopangisha Nairobi nalo huingia katika NJ-1040, na kwa kodi ya mapato uliyolipa serikali ya Kenya, New Jersey haitoi nafuu yoyote.