Wingi wa taa kwenye pikipiki na uonaji wa usiku

Miongoni mwa madereva wa bodaboda imezoeleka imani kwamba kadiri pikipiki inavyofungwa taa nyingi na kali, ndivyo safari ya usiku inavyokuwa salama. Imani hiyo ina ukweli nusu. Taa moja peke yake gizani humfanya dereva wa gari linalokuja ashindwe kukadiria umbali na mwendo wa pikipiki, na taa mbili ndogo zilizofungwa chini, zikiachana kwa upana, humsaidia kuutambua.

Tatizo huanza taa hizo zinapoelekezwa juu. Mwanga mkali humpofusha anayekuja, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa chombo chake husogea karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona zinatosha kumtoa katika njia yake na kumleta katika yako. Hata mwenye taa hasalimiki, kwa kuwa mwanga mwingi unaomwagika mita chache mbele ya gurudumu huyafanya macho yake yazoee weupe huo, na mtembea kwa miguu aliye mbali huzama gizani.

Kwa hiyo mwelekeo ni muhimu kuliko idadi. Taa za ziada ziinamishwe, ziwe na swichi yake, fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha taa bila kupitisha mkondo mkubwa kwenye swichi ya mkono), kwani mfumo wa umeme wa pikipiki nyingi ndogo umepimwa kwa taa ya wati 35 hivi (mafundi wengi wa mitaani huziunganisha taa hizo moja kwa moja, bila vifaa hivyo). Kioo cha taa kilichojaa vumbi kisafishwe kwanza; kukisafisha hakugharimu kitu.