Je, msimbo wa kujiandikia mwenyewe ni salama zaidi?

Wengi huamini kuwa programu ya wavuti iliyoandikwa yote kwa mkono ni salama kuliko inayotumia fremuweki (msimbo wa msingi uliokwisha kuandaliwa na wengine) kama Django au Laravel, kwani msimbo wa fremuweki uko wazi kwa kila mdukuzi. Hoja ina mantiki. Ila mdukuzi mara nyingi hahitaji kuusoma msimbo wako. Hujaribu tu makosa yaleyale ya zamani, na fremuweki iliyosasishwa huyazuia mengi.

Pima kwenye tovuti yako mwenyewe: andika <b>jaribio</b> kwenye sehemu ya jina, kisha uhifadhi. Neno likitokea kwa herufi nzito, alama hizo hazichujwi, na huenda mtu akapenyeza JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha msomaji. Violezo vya Django, yaani faili zinazounda kurasa zake, huzigeuza kuwa maandishi ya kawaida bila kuagizwa. Nenosiri, nalo, usijitungie njia ya kulihifadhi.