Nta Kubaki Haimaanishi Harufu Imebaki
Wengi wanaotumia kifaa cha umeme cha kuyeyushia mshumaa wenye manukato huamini kwamba, maadamu nta haijapungua, harufu nayo ingalipo. Sivyo. Mshumaa unapowashwa, utambi hufyonza nta iliyoyeyuka na moto huiteketeza. Juu ya kifaa, ambako joto halitoshi kuiunguza, mafuta ya manukato ndiyo huvukizwa, nayo nta hubaki karibu yote, ikizidi kupoteza harufu kila inapoyeyushwa. Harufu ikififia, ondoa tabaka la juu lililoyeyuka, lakini kamwe usilimwage kwenye sinki, kwa kuwa huganda na kuziba bomba. Wala kukosekana kwa masizi hakuifanyi hewa kuwa safi kabisa: limonini, kemikali yenye harufu ya machungwa iliyomo katika manukato mengi, ikikutana na ozoni hewani huzalisha formaldehidi, gesi yenye madhara kwa afya, hivyo dirisha lifunguliwe.