Mruko Huanzia Kwenye Kusimama: Ninavyobuni Kiatu cha Voliboli

Wachezaji wengi wanaofika katika karakana yangu hapa Kisumu huuliza swali moja: kiatu gani kitanifanya niruke juu zaidi? Nami huwauliza kwanza wanachezea wapi. Mara nyingi ni simiti yenye vumbi, au udongo mwekundu uliofagiwa asubuhi. Jibu hilo ndilo huamua soli nitakayokata, kwa sababu mpigaji wa voliboli harushwi na sponji, lile povu laini la ndani ya soli. Hurushwa na uwezo wake wa kufunga breki.

Tazama miguu yake, usitazame mkono. Anakuja mbio kuelekea wavuni. Hatua ya pili kutoka mwisho ni ndefu, kisigino ndicho kinachotangulia kugusa chini, na kiwiliwili kimebaki nyuma kidogo. Mguu wa pili unakuja mbele ya ule wa kwanza na kufunga njia. Hapo, kwa muda usiofika nusu sekunde, kasi ya kwenda mbele inakatwa na sehemu yake inageuzwa kuwa kasi ya kwenda juu. Misuli ya mapaja na kano ya kisigino zinavutika, kisha zinafyatuka. Kiatu kikiteleza sentimita mbili tu wakati huo, nguvu iliyokusudiwa kumwinua imeishia kwenye vumbi.

Hesabu yake si ngumu. Mchezaji anayekuja kwa mita 4 kwa sekunde, ikiwa kipimo cha msuguano kati ya soli na sakafu ni 1, anaweza kusimama ndani ya sentimita 80 hivi. Vumbi likishusha kipimo hicho hadi 0.5, atahitaji mita 1.6. Wavu hausogei kumpisha. Na mchezaji hahitaji kufundishwa jambo hili: mwili wake unalijua, kwa hiyo anapunguza mbio mapema. Walimu wa michezo huniambia msichana fulani ni mvivu wa kukimbilia mpira. Mimi hugeuza kiatu chake na kutazama chini.

Sasa sponji, maana ndiyo inayouza viatu. Mchezaji wa kilo 70 akitaka kuuinua mwili sentimita 50 anahitaji karibu jouli 340 za nishati. Tuseme anakanyaga kwa nguvu ya nyutoni 2,000 na soli inabonyea milimita 5. Sponji imehifadhi jouli 5 tu. Povu la EVA, lililo katika viatu vingi, hurudisha takriban thuluthi mbili ya nishati hiyo. Lile la PEBA, la viatu ghali vya marathoni, hupita asilimia 80. Tofauti kati ya hayo mawili, ukiibadilisha kuwa urefu wa mruko, ni kama milimita moja au mbili. Mzazi asiuze kuku wake wote kwa ajili ya milimita mbili.

Sisemi soli haina mchango katika mruko. Mwaka 1957 Yuri Stepanov wa Muungano wa Kisovieti aliweka rekodi ya dunia ya kuruka juu, mita 2.16, akiwa amevaa kiatu chenye soli nene kwenye mguu alioutumia kuruka. Baada ya hapo shirikisho la riadha likaweka kikomo cha unene. Na mwaka 2000 Darren Stefanyshyn na Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwamba kutia bamba gumu la kaboni ndani ya soli kuliongeza mruko kwa wastani wa sentimita 1.7. Sababu yake inanivutia sana: vidole vya mguu vinapokunjika wakati wa kuruka, kiungo cha chini ya vidole hula nishati na hakirudishi karibu chochote. Bamba hupunguza kukunjika huko. Tangu nilipoelewa hilo, siku zote mimi huimarisha sehemu ya mbele ya soli kabla sijafikiria kuongeza povu. Lakini sizidishi, kwa kuwa mguu wa mtoto wa sekondari si wa mchezaji wa timu ya taifa, na soli iliyokakamaa mno humchosha.

Sponji naithamini kwa kazi nyingine, ya kutua. Anayetua hubeba nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake, na simiti haibonyei hata kidogo. Hapo povu la milimita kadhaa ni huruma kwa magoti. Nikiliongeza unene zaidi, mguu unakaa juu, na kifundo kinapinduka kwa urahisi mchezaji akikanyaga mguu wa mwenzake chini ya wavu. Kwa hiyo hutanua kingo za soli upande wa nje, karibu na kidole kidogo, ili kiatu kisipinduke.

Turudi chini ya soli, kwenye moyo wa kazi yangu. Mistari myembamba ya zigizaga iliyobanana ilibuniwa kwa sakafu ya mbao iliyosafishwa. Katika uwanja wa Nakuru wakati wa kiangazi, vumbi lile jepesi linaijaza mifereji, na baada ya seti moja mchezaji anakanyaga vumbi juu ya vumbi. Mimi huchonga mifereji mipana zaidi, yenye njia za kutokea pembeni, na kingo kali zinazokwangua. Mpira wa soli nao una mvutano wake. Ulio laini hushika vizuri lakini simiti huumaliza ndani ya muhula. Ulio mgumu hudumu lakini huteleza. Kipande cha tairi, kile cha akala, kinadumu kuliko vyote, ila ni kizito na hakikunjiki inavyotakiwa.

Kushika nako kuna mwisho wake. Husimuliwa kwamba Kihachiro Onitsuka wa Japani, alipotengeneza kiatu cha mpira wa vikapu chenye vikombe vya kunyonya kama vya pweza, wachezaji walisimama ghafla mno hadi wakaanguka, ikabidi apunguze kina cha vikombe. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuzunguka: mwili ukigeuka na kiatu kikakataa, goti ndilo linalolipa, hasa ligamenti yake ya mbele. Ndiyo maana chini ya unyayo wa mbele nachonga duara. Kwenda mbele na nyuma kiatu kishike, kuzunguka, kiachilie.

Halafu kuna mtelezo usioonekana, wa mguu ndani ya kiatu. Watoto wetu hununuliwa viatu vikubwa ili wavikulie. Soli ikisimama, mguu bado unasafiri mpaka vidole vigonge mbele. Kwa kiatu cha shuleni nayaelewa mawazo hayo. Kwa kiatu cha uwanjani, ninaomba sana wazazi wasifanye hivyo. Ikibidi, funga kamba hadi tundu la mwisho na ongeza soksi nene.

Ukienda soko la Kibuye, hapa Kisumu, kutafuta raba za mtumba, usianze na jina lililoandikwa ubavuni. Bonyeza soli ya chini kwa ukucha. Usipoacha alama hata kidogo, mpira umezeeka na utateleza hata kama mistari yake ni mizima. Kunja sehemu ya mbele: ikunjike kwenye vidole, si katikati ya mguu. Kisha chunguza soli ya kati, ile ya povu. Poliurethani, aina nyingine ya povu, ikiwa ya zamani huharibiwa na unyevu, na kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa kinaweza kuonekana kipya kabisa kisha kikameguka siku ya kwanza ya mashindano. Ukiona nyufa ndogondogo au unga ukitoka unapobonyeza kwa kidole gumba, kirudishe. Ambacho mpira wake umelika lakini mwili ni mzima, kinunue ukielewana bei, maana soli ya chini fundi anaweza kuibadilisha.