Mjusi wa jangwani katika nyumba ya Tanga: maswali mnayoniuliza

Kazi yangu ya kila siku hapa Tanga ni kutibu ng'ombe wa maziwa na kuku. Lakini siku hizi naulizwa pia habari za mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia ambaye wataalamu humwita Pogona vitticeps. Ndevu zenyewe ni miiba laini ya kidevuni; akikasirika huitunisha ikawa myeusi. Mkubwa hufika sentimita 45 hadi 60, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo anayemchukua leo ajue anachukua mzigo wa muda mrefu.

*Shikamoo daktari. Mwanangu kaletewa mjusi huyo na mjomba wake. Ana sumu?*

Marahaba mama. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Akiuma, osha jeraha kwa maji na sabuni, basi. Kama anapunga mkono mmoja polepole, hakurogi. Ndiyo namna yao ya kumwambia mkubwa "nimekubali, yaishe".

*Nyumbani kuna mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Hapo je?*

Hapo ndipo pa kuogopa, kuliko meno. Mijusi wengi hubeba bakteria wa salmonella tumboni bila kuumwa chochote. Bakteria hao hutoka na kinyesi, wakashika ngozi yake, chombo chake, mpaka sakafu anayopita. Mtu huanza kuharisha, homa na tumbo kunyonga kati ya saa 6 na siku 6 baadaye. Mtu mzima mwenye afya hupona ndani ya wiki. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu anaweza kuzidiwa vibaya. Ushauri wangu, hata kama mjomba atanuna: nyumba yenye mtoto mdogo kiasi hicho, mjusi asubiri.

Na nyumba nyingine? Nawa kwa sabuni kila ukimshika. Asibusiwe, asitembezwe jikoni. Beseni lake lisioshwe panapooshwa sahani. Usimpe dawa za kuua bakteria ukidhani utamsafisha, hazimsafishi. Mtoto aliyemshika akianza kuharisha, mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba nyumbani kuna mjusi. Wengi hili hulisahau.

*Sisi tuko Ngamiani, joto halina likizo. Taa ya kumpasha joto ya nini tena?*

Joto letu ni la mvuke, lake ni kavu. Anataka pembe moja ya kuotea yenye nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili nyuzi 25 hadi 29 apate pa kukimbilia. Unyevu wa hewa unaomfaa ni asilimia 30 hadi 40. Kwetu siku nyingi unapita 70, masika usiseme. Mpe kizimba chenye wavu kinachopitisha hewa. Ukimwona anapumua kwa shida, ute unamtoka puani au mdomoni, mlete mapema, kifua hicho.

Halafu kuna jua. Niliitwa nyumba moja, nikakuta tangi la kioo limekaa juu ya cherehani, dirisha limefungwa, jua la saa tatu linampiga mjusi sawasawa. Mwenyewe anaapa kwamba kila siku anaota jua. Nilimweka kiganjani, vidole vyake vikawa vinatetemeka. Nikagusa taya la chini, likabonyea kama tairi ya baiskeli iliyopungua upepo. Kioo kilipitisha mwanga na joto, lakini kilizuia miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 wala haufyonzi vizuri chokaa (kalsiamu) ya kujenga mifupa. Mwenye nyumba alikuwa na jua la bure nje ya dirisha!

Kwa hiyo mtoe nje asubuhi, kama nusu saa, ndani ya kizimba cha wavu chenye kivuli upande mmoja. Usiondoke, kunguru wa Tanga hawana simile. Usimtoe akiwa ndani ya tangi la kioo, ataiva humo. Siku za mvua ndipo taa ya UVB inapohitajika, nayo ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, maana miale huisha kabla ya mwanga.

*Anakula nini?*

Mdogo hula zaidi wadudu: panzi, chenene, mende wa kufugwa. Mdudu asizidi upana ulio kati ya macho yake, na mdudu huyo umnyunyizie unga wa kalsiamu. Mende wa chooni hapana, huenda amepuliziwa dawa. Kimulimuli hapana kabisa. Mmoja tu anaweza kumuua. Mkubwa hula zaidi majani: sukuma wiki, boga lililokunwa, ua la haibiskasi. Mchicha mara mojamoja tu, kwa sababu huzuia chokaa. Parachichi ni sumu kwake.

*Nimtandikie mchanga wa Raskazone?*

Gazeti linatosha. Mchanga akiumeza unaweza kumziba tumbo.

*Nikichoka naye nimwachie porini? Au badala yake nichukue kinyonga kutoka msitu wa Amani, kule Usambara?*

Yote mawili hapana. Mnyama wa kigeni haachiwi porini, mtafutie mfugaji mwingine. Vinyonga wa Usambara biashara yao inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mnyamapori hakamatwi bila kibali. Hata huyo wa Australia, muulize mjomba karatasi zake za kuingilia nchini ziko wapi.