Dedlaini ya tredi NBA maana yake nini, na utajuaje nani kapigwa

Kila Februari NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuna siku ambayo simu za mameneja wa timu hazipumziki kabisa, na ikifika saa 9 alasiri kwa saa za New York mlango unafungwa, baada ya hapo huruhusiwi tena kubadilishana mchezaji na timu nyingine mpaka msimu wako uishe. Hiyo ndo dedlaini ya tredi. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 6 Februari, miaka mingine inasogea siku moja mbili hivi. Wakati huo timu zimeshacheza zaidi ya nusu ya mechi zao 82 kwaiyo kila mtu anajijua yuko wapi, kuna anayeona kombe linanukia na anataka mtu mmoja tu wa kumalizia, kuna aliyeshakata tamaa na anataka kuanza kujenga upya, na kuna wale wa katikati ambao ndo wana kazi ngumu kuliko wote maana hawajui waende mbele au warudi nyuma.

Sasa wengi wetu tumezoea mpira wa miguu, tunadhani ni kama dirisha dogo, unatoa hela unachukua mtu. Hapana. NBA hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji anabadilishwa kwa mchezaji, au kwa piki za drafti (yaani haki ya kuchagua kijana mpya anayeingia ligi), au vyote kwa pamoja, na mkataba wake unahama naye vilevile ulivyo, timu mpya inaendelea kulipa palepale ya zamani ilipoishia. Na mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi, ukiondoa wachache sana wenye kipengele cha kukataa kuhamishwa, wengine wote wanaambiwa tu umehama, panga mabegi.

Halafu kuna mishahara, na hapa ndo watu wengi wanapotea kwenye mabishano. Unaona mtu anaandika "si wampe tu fulani wamchukue staa", wakati fulani analipwa milioni 5 na staa analipwa milioni 50, haiwezekani. Timu ikishavuka kikomo cha mishahara, na karibu zote zimevuka, lazima mishahara inayotoka ikaribiane na inayoingia. Msimu wa 2025-26 kikomo ni kama dola milioni 154.6, na juu yake kuna mistari mingine miwili inaitwa aproni, ile ya pili iko kama milioni 207.8, ukiipita hiyo huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja mwenye mshahara mkubwa, huruhusiwi kuongeza hela kwenye dili, na piki yako ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele inafungiwa huwezi kuitoa. Hizi sheria za aproni ya pili zimekuja na mkataba mpya wa ligi na wachezaji wa 2023 na zimebadilisha kila kitu, timu tajiri ambazo zamani zilikuwa zinalipa kodi ya kuzidisha mishahara na maisha yanaendelea sasa hivi zinabanwa shingo.

Mfano mzuri ni Jimmy Butler alipotoka Miami kwenda Golden State Februari 2025. Butler msimu ule alikuwa anakula kama milioni 48.8. Andrew Wiggins ndo alikuwa kitu kikubwa Miami walichopata na yeye alikuwa kwenye milioni 26 na kidogo, unaona pengo lilivyo kubwa, na Golden State wenyewe walikuwa wamebanwa na aproni ya kwanza, hawaruhusiwi kupokea mishahara mingi kuliko wanayotoa. Ndo maana ikabidi waingize pia Dennis Schröder, Kyle Anderson na Lindy Waters, na kwa sababu Miami hawakuwataka wote, zikaingizwa timu nyingine kuchukua mabaki mpaka dili ikafika timu tano. Ukiona dili ina timu tano usidhani kuna ujanja wa ajabu, mara nyingi ni hesabu za mishahara tu zinatafuta pa kukaa.

Piki nazo zina sheria zake. Unaweza kutoa piki mpaka za miaka saba mbele, ila huruhusiwi kubaki bila piki ya raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo huko mbele, sheria hiyo inaitwa ya Stepien, kwa jina la Ted Stepien aliyekuwa mmiliki wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 80 na alikuwa anagawa piki hovyo mpaka ligi ikaingilia. Na piki hazifanani, kuna yenye ulinzi, kwa mfano inalindwa namba 1 mpaka 10, maana yake ikiangukia humo timu iliyoitoa inabaki nayo, na kuna isiyo na ulinzi wowote ambayo ndo dhahabu. Kwaiyo mtu akikwambia "wametoa piki nne" usipige kelele kwanza, uliza piki za nani, za mwaka gani, zina ulinzi au hazina.

Haya yote lakini ni vifaa tu. Kinachoamua nani anatoka mezani anacheka ni swali moja: dili hii isipofanyika, nani anaumia zaidi? Mimi naamini hilo ndo jambo la kwanza kuangalia, kabla ya majina, kabla ya takwimu za pointi. Mwenye uwezo wa kuondoka mezani bila kuumia ndo mwenye nguvu, na meneja mzuri kazi yake kubwa ni kutengeneza uwezo huo hata pale anapoonekana hana.

Angalia Carmelo Anthony, Februari 2011. Alikuwa Denver, mkataba unaisha, na dunia nzima inajua anataka New York. Kwa macho ya kawaida Denver walikuwa hawana chochote, New York wangeweza kusubiri tu msimu uishe wamchukue bure. Meneja wa Denver wakati huo alikuwa Masai Ujiri, Mnigeria, ana miezi michache tu kwenye kiti. Alichofanya ni kuwaweka New Jersey Nets mezani kama mnunuzi wa pili, mazungumzo ya kweli, na New York wakiangalia upande wa pili wa mto wanaona jirani anaweza kumchukua mtu wao. Presha ikawapanda. Mwisho wakatoa Danilo Gallinari, Wilson Chandler, Raymond Felton, Timofey Mozgov na piki juu yake, karibu nusu ya timu iliyokuwa inacheza vizuri, kwa mtu ambaye alikuwa anakuja kwao hata hivyo. Na Nets wala hawakubaki mikono mitupu, kesho yake tu wakamchukua Deron Williams kutoka Utah. Halafu ndani ya ile dili kulikuwa na kitu kidogo ambacho wakati ule hakikuzungumzwa sana, haki ya Denver kubadilishana piki na New York mwaka 2016. Ilipofika 2016 haki hiyo ikawapa namba 7, wakamchagua Jamal Murray, na mwaka 2023 Denver wakabeba ubingwa Murray akiwa mtu wa pili baada ya staa wao Nikola Jokic. Miaka kumi na mbili baadaye! Hivyo ndivyo dili inavyoweza kuendelea kulipa watu wameshaisahau.

Kuna nguvu nyingine inatokana na subira. Msimu wa 2021-22 Ben Simmons alikataa kuchezea Philadelphia, na watu walikuwa wanampigia bosi wa timu Daryl Morey kelele kila siku amtoe kwa chochote kile, thamani inashuka. Morey akakaa. Miezi inapita, timu inacheza bila mtu wake wa mamilioni, yeye kakaa tu anasubiri staa wa kiwango anachotaka aanze kununa kwake, na kweli James Harden akachoka na Brooklyn, siku ya dedlaini tarehe 10 Februari 2022 dili ikafanyika, Harden kaenda Philadelphia, Simmons kaenda Brooklyn pamoja na Seth Curry, Andre Drummond na piki mbili za raundi ya kwanza. Harden hakuwapeleka Philadelphia fainali, walitolewa raundi ya pili mwaka ule na uliofuata, ila ukipima mazungumzo yenyewe, kumtoa mtu aliyegoma na kupata aliyewahi kuwa MVP (mchezaji bora wa ligi) ni kazi kubwa, na kilichomwezesha ni kwamba aliogopa dedlaini kidogo kuliko wenzake.

Na kinyume chake kipo, nacho kinaniuma mpaka leo japo mimi si shabiki wa Dallas. Luka Doncic, staa wa Dallas, usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025. Kijana wa miaka 25, miezi minane tu nyuma kaipeleka timu fainali, Dallas wakaamua kumtoa. Sababu walizosema ni ulinzi wake uwanjani, na maswali kuhusu mwili wake na mkataba mkubwa uliokuwa unakuja, sawa, tuseme wana haki ya kuamini hivyo. Lakini angalia walivyouza. Meneja wao Nico Harrison aliongea kimyakimya na Lakers peke yao. Hakuna timu ya pili, hakuna mnada, timu zaidi ya ishirini ambazo zingeweza kufungua ghala zima kwa ajili ya Luka zilisikia habari pamoja na sisi. Wakapata Anthony Davis, ambaye ni mkubwa kweli ila alikuwa na miaka 31 na historia ndefu ya majeraha, Max Christie, na piki moja ya 2029. Moja! Lakers walibaki na mchezaji wao mzuri Austin Reaves na walibaki na piki yao ya 2031. Mwenye mali adimu kuliko zote ligi nzima alijadiliana kana kwamba yeye ndo mwenye shida. Davis akaumia kwenye mechi yake ya kwanza kabisa Dallas, na Novemba 2025 Harrison akafukuzwa kazi. Bahati ya droo ya kupanga nani achague kwanza kwenye drafti ikawapa kijana Cooper Flagg, walikuwa na nafasi ya asilimia 1.8 tu, lakini hiyo ni bahati, usije ukaihesabu kama sehemu ya dili.

Hapo ndo kuna kosa tunalofanya sana tukipima dili, tunachanganya uamuzi na matokeo. Dili nzuri inaweza kuharibiwa na goti, na dili mbovu inaweza kuokolewa na droo. Pima kwanza kwa walichokijua siku ile, afu baadaye pima kwa yaliyotokea, na uzitenganishe hizo alama mbili.

Pau Gasol alipoenda Lakers Februari 2008 watu walisema Memphis wameibiwa mchana kweupe, na kwa siku ile ilikuwa kweli hivyo, Lakers walicheza fainali tatu mfululizo wakabeba mbili. Ila ndani yake kulikuwa na haki za kumsajili mdogo wake Marc, na Marc akaja kuwa mlinzi bora wa ligi 2013 na nguzo ya Memphis kwa miaka mingi. Kevin Durant kwenda Phoenix Februari 2023 ilishangiliwa, wakatoa Mikal Bridges, Cam Johnson na piki nne zisizo na ulinzi, wakashinda raundi moja tu ya mchujo (mechi za mtoano za mwisho wa msimu) wakiwa na Durant, na kiangazi cha 2025 akaenda Houston. Wakati huohuo dili bora kabisa ya siku ile ya dedlaini 2022 haikuwa ya Harden hata kidogo, ilikuwa Boston kumchukua Derrick White kutoka San Antonio, watu waliipita kama habari ndogo, kumbe ndo mtu aliyekuja kuwa muhimu kwenye ubingwa wa 2024. Detroit na Rasheed Wallace 2004 ni hadithi hiyohiyo, Februari kaja, Juni kombe. Mchezaji anayeziba tundu halisi la timu mara nyingi anazidi jina kubwa linalofunika wengine.

Na kutofanya chochote nako ni uamuzi, timu inayokataa bei mbaya saa 8 na dakika 50 huku mashabiki wanalia imefanya kazi yake.

Jambo la mwisho la kujua, dili haijaisha mpaka vipimo vya afya vipite. Baada ya kumpata Luka, Lakers walikosa senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, kwaiyo ile piki ya 2031 waliyoiokoa kwenye dili na Dallas wakaiweka mezani kwa Charlotte pamoja na Dalton Knecht, Cam Reddish na haki ya kubadilishana piki 2030, wampate senta wao Mark Williams. Bei kubwa sana hiyo, na ni ya mtu aliyebanwa, ana Luka na LeBron na hana mrefu, kila timu inajua, saa inakimbia. Ikatangazwa, watu wakaanza kugawa alama. Tarehe 8 Februari, siku mbili baada ya dedlaini, Lakers wakasema vipimo havijawaridhisha na dili ikafutwa, Knecht na Reddish wakarudi, piki zikarudi, ila mlango ulikuwa umeshafungwa, wakacheza mpaka mchujo bila senta wa maana na Minnesota wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi tano. Juni Charlotte wakampeleka Williams Phoenix.