Maana ya uhalisia, kwa wanaobishana kuhusu Smash

Ubishi ulianzia saluni, Kinondoni, simu imeegemezwa kwenye kioo na wifi yangu amesukwa nusu kichwa. Alikuwa anamalizia sizoni ya kwanza ya Smash, tamthilia ya Marekani inayohusu watu wanaotengeneza onyesho la muziki la Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho New York, juu ya maisha ya mwigizaji Marilyn Monroe. Kituo cha NBC kiliirusha kuanzia Februari 2012 hadi Mei 2013. Wifi yangu ameipata juzi tu kwenye flashi. Tukafika pale ambapo Karen, binti aliyetoka Iowa na asiye na uzoefu wa jukwaa, anapewa nafasi ya Marilyn usiku wa onyesho kule Boston, huku Ivy, aliyesota miaka na miaka akiwaitikia wengine, akiachwa nyuma ya pazia.

Msusi akaacha kusuka. "Hii haina uhalisia kabisa," akasema.

Wifi akamjibu palepale: "Dada, mbona mambo haya yanatokea kila siku?"

Nikagundua kuwa wanatumia neno moja kwa maana mbili, na kwamba wangeweza kubishana mpaka saluni ifungwe bila kukutana.

Neno lenyewe linatokana na halisi, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kitu safi, kisichochanganywa na kingine. Waliosoma fasihi sekondari wanaujua uhalisia kama mkondo: uandishi uliopata nguvu Ulaya katika karne ya 19, hasa Ufaransa, ukaupa kisogo ulimbwende na kuanza kuwasawiri watu wa kawaida, kazi zao, madeni yao na nyumba zao kama zilivyo. Hiyo ndiyo maana ya darasani. Lakini mtazamaji anaposema "haina uhalisia" hazungumzii mkondo wowote. Anasema: hapa nimeshindwa kuamini.

Na kuamini hakutokani na jambo kuwahi kutokea duniani. Kunatokana na masharti ambayo kazi ya sanaa imeyaweka yenyewe mbele yetu, halafu ikayatimiza au ikayakiuka. Nikiulizwa maana ya uhalisia kwa sentensi moja, nitatoa hiyo.

Chukua nyimbo. Wapo wanaosema tamthilia yoyote ya muziki haina uhalisia kwa kuwa hakuna anayeanza kuimba katikati ya mazungumzo. Hoja hii hapa Dar haina mashiko. Wazazi wetu walijaza kumbi za sinema za Avalon na Empire, na magari yakapangwa Drive-In ya Msasani, watu wakiangalia filamu za Kihindi ambamo mapenzi yanaanza sokoni na wimbo unaishia mlimani, nguo zikibadilika kila ubeti. Hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Watazamaji walikuwa wameshakubali sharti: moyo ukijaa, mtu ataimba. Walichokuwa wakikipinga ni mhusika kusamehe bila sababu, au mama kumsahau mwanawe. Smash yenyewe ina tahadhari zaidi, maana nyimbo zake nyingi zinaimbwa mazoezini, baa, jukwaani au ndani ya fikra za mtu.

Kuna pia uhalisia wa kikazi, na hapa wanaopenda majukwaa huwa wakali sana. Kutengeneza onyesho la muziki huchukua miaka. Lin-Manuel Miranda alianza kuifikiria Hamilton mwaka 2008, ikafika jukwaani New York mwaka 2015. Kwenye Smash mambo yanakwenda mbio, nyimbo zinatungwa usiku na asubuhi zinachezwa. Mimi hilo silihesabu kuwa kosa. Kufupisha muda ni ruhusa ya kila msimuliaji tangu enzi za bibi zetu, waliokuwa wakisema "siku nyingi zikapita" na sisi tukatulia tu. Kwenda Boston kujaribia onyesho kabla ya New York ni desturi ya kweli na ya siku nyingi, na wameionyesha vizuri.

Tatizo liko kwa Karen. Hata hapo wifi yangu alikuwa na hoja nzito kuliko msusi alivyotaka kukiri.

Anayeshangaa mtu wa nyuma kuwa nyota usiku mmoja amkumbuke Shirley MacLaine. Mwaka 1954 alikuwa kwenye kundi la wachezaji wa The Pajama Game huko Broadway, na ndiye aliyewekwa akiba wa Carol Haney. Haney akaumia kifundo cha mguu, MacLaine akapanda, mtayarishaji wa filamu akamwona na kumpa mkataba. Ni tukio la kweli, lina mwaka na majina. Ukiliandika vibaya, hata hilo litakosa uhalisia.

Sasa tazama tofauti ya tamthilia ya waimbaji na tamthilia nyingine. Tamthilia ya hospitali ikituambia daktari fulani ni bingwa, tunakubali, kwa sababu hakuna kati yetu pale saluni anayeweza kuukagua mshono. Ya mahakamani vilevile, wakili akishinda kesi tunaamini alistahili. Lakini tamthilia ikisema huyu anaimba kuliko yule, haiwezi kuishia kusema. Lazima imwache mwimbaji afungue mdomo, na akishaufungua, hukumu si ya mwandishi tena, ni ya masikio yetu.

Hapo ndipo Smash ilipojitega. Aliyemcheza Ivy ni Megan Hilty, mwimbaji wa jukwaa hasa, aliyekwisha kucheza Broadway katika Wicked na 9 to 5. Aliyemcheza Karen ni Katharine McPhee, aliyeshika nafasi ya pili katika American Idol, shindano la kuimba la televisheni, mwaka 2006. Zote ni sauti nzuri. Ya McPhee ni laini na ya karibu, sauti ya kusikilizwa kwenye redio usiku. Ya Hilty inatoka tumboni, inafika viti vya nyuma na inabeba kichekesho na machozi kwa pumzi moja. Waandishi wanawaweka watu waduwae kila Karen anapoimba, lakini sisi tumetoka kumsikia Ivy dakika kumi zilizopita. Mashabiki wakagawanyika pande mbili tangu siku ile, na hawajapatana mpaka leo.

Dar inaijua hukumu ya masikio. Miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilikuwa vikitoa maonyesho ambamo ngoma, maigizo, sarakasi na taarab vilikuwa ndani ya usiku mmoja, na ushindani wa waimbaji wa taarab, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, ulikuwa habari ya mji. Mpiga debe angeweza kusema chochote kuhusu nani zaidi. Kilichosema kweli ni nani aliyetoka kwenye kiti chake na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na wakati wa ubeti gani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Niliitikia miaka minne katika kikundi kimoja cha taarab hapa mjini. Muitikiaji husimama hatua moja nyuma ya kipaza sauti cha mbele, na hujua beti zote ingawa haimbi hata moja. Usiku mmoja mwimbaji wetu alikauka koo. Wimbo ule niliujua hadi pumzi zake, wapi anavuta na wapi anakatisha ili kinanda kimjibu. Kiongozi akamsimamisha binti aliyejiunga wiki ileile, kwa kuwa alipendeza jukwaani. Alikuwa na sauti nzuri, sitamnyima haki yake. Lakini ubeti wa pili aliingia kabla kinanda hakijamaliza. Wanawake wawili wa meza ya mbele walikuwa wameshasimama, mmoja ameinua noti juu ya kichwa anakuja akicheza. Wakasita, wakatazamana, wakarudi kukaa. Mpiga kinanda akarudia kipande chote ili kumfunika.

Kwa hiyo wifi yangu alisema kweli: yanatokea. Mgeni hupendelewa, wa siku nyingi huachwa. Msusi naye alisema kweli, ila alishika pasipo. Uamuzi wa kumchagua Karen unaaminika kabisa, na Derek, mwongozaji wa onyesho, anaonyeshwa tangu mwanzo akimwona Karen kama Marilyn ndani ya kichwa chake. Isitoshe, Karen amekaa mazoezini na wenzake, si kwamba ameokotwa barabarani. Kinachokosa uhalisia ni kinachofuata. Anapanda akiwa hajapata hata siku moja nzima ya kujiandaa kubeba nafasi ile, na ukumbi unamshangilia kana kwamba Ivy hakuwahi kuwapo. Hakuna aliyesita na noti mkononi. Miaka ya Ivy, ambayo tamthilia yenyewe ilituomba tuithamini sehemu baada ya sehemu, ghafla haina uzito wowote katika matokeo. Sharti lilikuwa kwamba jukwaa ni kazi ngumu inayomlipa aliyejifunza. Lilivunjwa mkononi mwa aliyeliweka.

Sizoni ya pili inalilipa deni hilo. Ivy anapata kuwa Marilyn, na mwishoni anashinda Tony, tuzo kubwa ya maonyesho ya Broadway. Sizoni hiyo ina udhaifu wake mwingi, lakini hapo niliamini kwa urahisi, kwa kuwa nilichoambiwa na nilichosikia vilikuwa kitu kimoja.

Ukitaka kupima tamthilia yoyote ya muziki, ya kwao au ya kwetu, usiulize kama jambo linaweza kutokea. Uliza imekuahidi nini kuhusu watu hawa, na kama masikio yako yanakubaliana na makofi unayoonyeshwa. Tamthilia zetu zinazohusu wanamuziki zinajikwaa hapohapo: tunaonyeshwa umati umechanganyikiwa, huku mwigizaji akifumbua mdomo nyuma ya sauti iliyorekodiwa, hata mishipa ya shingo haijasimama.

Msusi hakutaka maneno mengi. Alifuta mafuta mikononi, akarudisha nyuma hadi wimbo mmoja wa Ivy, akailaza simu kifudifudi mezani ili tusione sura. Tukasikiliza. Kisha akaweka wa Karen, vilevile, bila picha. Nje bodaboda ilikuwa inaunguruma, akainuka akasukuma mlango.

Wifi yangu alikaa kimya muda, kichwa upande mmoja kimesukwa, upande mwingine nywele zimesimama.

"Rudisha huyo wa kwanza," akasema.